Nilipewa Vidonge Msibani, Sasa Siwezi Kuviacha

Shikamoo mama,

Ninakuandikia kutoka Uyole, Mbeya. Nina miaka 41, watoto watatu, na ninauza viazi mviringo kwa jumla. Tunapakia kwenye fuso za kwenda Dar es Salaam, kwa hiyo kazi yangu inaanza alfajiri na baridi yake.

Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita. Alitoka shambani akisema kichwa kinamuuma, jioni akaanguka, na usiku huohuo akatutoka. Walisema ni kiharusi. Msibani nililia mpaka sauti ikakauka, na usingizi haukuja kabisa. Shangazi mmoja wa upande wa marehemu, kwa nia njema, akanipa vidonge viwili akasema, "Meza mwanangu, upumzike." Ilikuwa Valium. Nilipumzika kweli. Nilipumzika mpaka mazishi yenyewe siyakumbuki. Nakumbuka turubai, nakumbuka mtu amenishika kwapani, basi. Jeneza likishushwa kaburini silioni kichwani hata nikijitahidi vipi.

Watu walipotawanyika nilikwenda kupimwa, nikaeleza kwamba silali, nikaandikiwa vidonge vya wiki mbili. Vilipokwisha sikurudi. Nilinunua duka la dawa karibu na soko, na kijana wa pale hakuniuliza cheti. Nilianza na kimoja cha miligramu 5 usiku. Baadaye kikawa hakinitoshi, nikaongeza. Sasa ni viwili usiku na kimoja asubuhi, maana bila hicho cha asubuhi mikono inatetemeka nikihesabu hela. Kichwa nacho kimekuwa kizito. Nimeshawahi kumrudishia mteja chenji mara mbili, na kuna siku nilimpigia simu mkulima wa Umalila kumgombeza kwa mzigo ambao nilikuwa nimeshaupokea mwenyewe.

Mwaka huu mwezi wa tatu kanisani kulikuwa na mkesha. Mhubiri mgeni akasema aliyefungwa na dawa azitupe kwa imani. Nikatupa vyote chooni. Siku ya kwanza na ya pili nilikuwa mzima, tena mwepesi, nikasimama mbele ya watu kushuhudia kwamba nimefunguliwa. Siku ya nne nikaanza kutoka jasho, moyo unakwenda mbio, masikio yanavuma, mwanga wa dirishani unaniumiza macho. Kifuniko cha sufuria kikianguka mwili mzima unaruka. Nikaona vitu vinatambaa ukutani. Kisha usiku mmoja nikaanguka, nikakakamaa, nikang'ata ulimi. Mwanangu mkubwa, yuko kidato cha tatu, ndiye aliyenikuta.

Shemeji akasema nimerogwa na wanaotaka shamba la marehemu. Kanisani wengine wakasema pepo amerudi na wenzake saba. Mimi nilimtuma mtoto dukani, nikameza, na haikuchukua muda nikawa mtu tena. Hapo ndipo nilipojua kinachonishika ni nini.

Sasa yule kijana wa duka anaogopa ukaguzi, amesema bila cheti haniuzii tena Valium. Amenipa vidonge vingine vidogo zaidi, alprazolam, anasema ni jamii moja ila vizuri zaidi. Rafiki yangu wa sokoni ananishauri ninywe Piriton na kikombe cha pombe ya komoni, nitalala tu. Shemeji anataka kunipeleka kwa mganga. Vya kwangu vilivyobaki ni vichache.

Mama, mimi nimekuwa teja? Nitaachaje bila kufa? Nikionekana kwenye kitengo cha wagonjwa wa akili, sokoni nitaweka wapi uso wangu? Na huyu mwanangu, ameziona pakiti. Haniulizi kitu, ananiangalia tu.

Mama wa Watatu, Uyole

Marahaba mwanangu. Pole kwa kufiwa na mwenzio, na pole kwa kulibeba jambo hili peke yako muda wote huo. Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye wodi za afya ya akili hapa Nyanda za Juu Kusini mpaka nilipostaafu, na wanawake wenye simulizi kama yako nimewapokea wengi. Wakulima, walimu, wake za wachungaji. Nitajibu yote uliyouliza, lakini naanza na lile lisilosubiri.

Usikatishe ghafla tena. Hata akija mhubiri mwingine, hata duka likifungwa, hata ukiamka siku moja umejaa ujasiri. Kule kuanguka na kung'ata ulimi ni mshtuko wa ubongo kama ule wa kifafa, na huwapata baadhi ya watu wanaoacha dawa za jamii ya Valium kwa mkupuo baada ya kuzitumia muda mrefu. Wapo wanaofia hapo. Wewe umeshaanguka mara moja, maana yake uko kwenye hatari zaidi ukirudia. Kwa hiyo endelea na dozi yako ileile, usipunguze, usiongeze, na ufike hospitali kabla pakiti haijaisha. Usingoje mpaka mzigo wa wiki hii uuzwe. Na kama vitaisha kabla hujaonana na mtu, nenda siku hiyohiyo sehemu ya dharura na uwaambie umeishiwa diazepam, ambayo ndiyo hiyo Valium yako, na uliwahi kuanguka.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ina kitengo cha afya ya akili, na kutoka kwako ni nauli ya daladala. Beba pakiti tupu na zile zenye dawa, pamoja na hizo alprazolam ulizopewa. Ukifika usiseme tu kwamba hulali, kwa sababu utaandikiwa dawa nyingine ya usingizi na tutarudi palepale. Sema hivi: "Nimetumia diazepam miligramu 15 kwa siku, nina miaka minne nayo. Mwezi wa tatu nilikatisha nikaanguka kama mwenye kifafa. Nataka kuacha polepole, naomba msaada." Sema hata kama anayekusikiliza ana haraka. Akikukaripia, na wapo wanaokaripia, omba kumwona daktari wa kitengo au muuguzi wa afya ya akili. Anayesoma hii akiwa Makete, Ludewa au Ileje aulizie mratibu wa afya ya akili wa halmashauri yake, au aende hospitali ya rufaa ya mkoa. Gharama zikiwa kikwazo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini kabla ya kukata tamaa.

Kuhusu watu wa soko kukuona: kwenye hospitali zetu nyingi kliniki hiyohiyo ndiyo inayowahudumia wagonjwa wa kifafa, na wapo wazazi waliowaleta watoto, na wapo waliokuja kuchukua dawa za ndugu zao. Anayekuona kwenye benchi hajui umefuata nini. Na akijua? Mwanangu, ulishaanguka mbele ya mtoto wako. Hilo ni zito kuliko maneno ya sokoni.

Sasa nikueleze kilichotokea mwilini mwako, maana nadhani ukikielewa utaacha kujiogopa. Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo GABA ambayo kazi yake ni kuzituliza seli za neva zisikurupuke. Diazepam inaipa GABA nguvu zaidi. Ndiyo maana usiku ule wa msiba ulilala. Lakini ubongo ukipewa msaada huo kila siku, baada ya wiki kadhaa unajirekebisha: unapunguza usikivu wake kwa utulivu wake wa asili. Ndiyo maana kimoja kikawa hakikutoshi. Na ndiyo maana asubuhi mikono inatetemeka, kwa sababu dawa imepungua kwenye damu na ubongo bado haujarudisha uwezo wake. Utarudisha, lakini unataka muda.

Hata zile siku mbili za wepesi baada ya mkesha zina maelezo. Diazepam haitoki mwilini haraka. Nusu yake huchukua siku moja mpaka mbili hivi kuondoka, na ini likiivunja linatengeneza kitu kingine chenye kazi ileile kinachokaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo siku ya ushuhuda ulikuwa bado unatembea na dawa ya juzi. Ilipoisha ndipo jasho, kuvuma masikio, mwanga kuumiza macho na vile vitu vya ukutani vikaja. Hizo zote ni dalili zinazojulikana na zimeandikwa na madaktari kwa miaka mingi. Imani yako haikuwa na kasoro.

Umeuliza kama wewe ni teja. Hapana. Hukutafuta raha, hukumwibia mtu, hujaacha kazi wala watoto kwa ajili ya kidonge. Mwili wako umeizoea dawa uliyopewa ukiwa na uchungu, na mwili wa askofu ungeizoea vilevile. Sisemi hivi kukufariji. Diazepam iliingia sokoni mwaka 1963, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa miongoni mwa dawa zilizouzwa zaidi Marekani, wengi wa watumiaji wakiwa wanawake wenye heshima zao. Kule Newcastle, Uingereza, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu wanaotaka kuziacha dawa hizi kuanzia 1982 hadi 1994. Wagonjwa wake walikuwa watu waliomeza walichoandikiwa. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za jamii hii ziwekewe onyo zito kuhusu mazoea na hatari ya kukatisha ghafla. Hata maandiko ya tiba yanataka zitumike kwa wiki mbili mpaka nne tu. Aliyekuandikia za wiki mbili hakukosea sana kipimo. Kilichokosekana ni mtu wa kukwambia kwamba zikiisha usinunue nyingine.

Kuacha kwenyewe ni kama lori lililosheheni linaposhuka Kitonga: dereva mwenye akili anashuka kwa gia ndogo tangu juu, na hajali walioko nyuma wakipiga honi. Mwongozo uliotolewa na vyama vya madaktari Marekani mwaka 2025 unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 mpaka 10 ya dozi kila baada ya wiki mbili mpaka nne, na kutovuka asilimia 25 ndani ya wiki mbili. Kwa miligramu zako 15, hiyo ni kama miligramu moja kwa hatua. Sasa ukitumia vidonge vya miligramu 5 na wembe, nusu yake ni miligramu 2.5, na hilo ni pengo kubwa kwa mtu aliyewahi kuanguka. Ndiyo maana uulize kama vipo vya miligramu 2, vinavyokatika kuwa moja moja. Visipokuwepo, mfamasia wa hospitali atazungumza na daktari namna ya kugawa. Usijipimie mwenyewe jikoni.

Nikupe picha tu ya safari ilivyo, daktari ndiye atakayeipanga. Tuseme unashuka miligramu moja moja mpaka ufike 5, kisha nusu nusu miligramu mpaka mwisho. Hizo ni hatua 20. Kila hatua ikichukua wiki mbili, utamaliza kwa miezi tisa na kidogo. Kila moja ikichukua wiki nne, ni mwaka na nusu. Najua umeshtuka. Lakini umeitumia miaka minne, na atakayekuahidi kukuachisha kwa wiki moja nyumbani hakutakii mema. Kwa sababu ya ule mshtuko, daktari anaweza pia kutaka uanzie wodini kidogo, au akupe dawa ya kusaidia. Kubali.

Kutakuwa na wiki mbaya. Nakwambia mapema ili ikija usidhani umeshindwa. Unaweza kupunguza hatua tatu vizuri, ya nne ikakupiga: hasira za bure, ndoto kali, misuli ya shingo kukaza, moyo kuruka ukiwa umekaa. Dalili hizi huja na kuondoka, siku mbili nzuri, moja mbaya. Ikitokea hivyo, simama kwenye dozi uliyofikia, ukae hapo mpaka mwili utulie, mwambie anayekuhudumia. Usipande juu kwa uamuzi wako, na usimeze cha ziada "leo tu". Hiyo "leo tu" ndiyo iliyokutoa kimoja ikakufikisha vitatu.

Zile alprazolam zipeleke hospitali, usizimeze. Kijana amekwambia ni jamii moja, hapo kasema kweli. Hakukwambia kwamba nusu miligramu yake inalingana na kama miligramu 10 za diazepam, wala kwamba inatoka mwilini haraka zaidi. Itokayo haraka ndiyo inayomfanya mtu aitafute tena kabla ya jioni. Simchukii huyo kijana, lakini diazepam na wenzake ni dawa za cheti, ziko chini ya udhibiti wa kimataifa kupitia mkataba wa 1971, na sababu yake ni barua kama yako.

Piriton itakulaza, hilo ni kweli, lakini haizuii mshtuko wa ubongo hata kidogo. Ukiitegemea ukaacha Valium, utaanguka ukiwa na usingizi. Na komoni naomba uikatae kwa sauti. Komoni, kimpumu, ulanzi, bia, vyote vinatuliza ubongo kwa njia inayokaribiana na hii, na vikikutana na Valium vinaweza kuzima pumzi usiku. Msimu wa ulanzi Iringa na Njombe nimepokea watu waliochanganya, na si wote waliorudi nyumbani wakitembea. Vivyo hivyo tramadol, maana najua nyie wapakiaji wa mizigo mnaimeza kwa ajili ya mgongo. Inaweza kuzima pumzi ikichanganywa na Valium, na yenyewe inaweza kuleta mishtuko. Pia, popote utakapotibiwa ugonjwa mwingine, taja kwamba unatumia diazepam. Rifampicin ya kifua kikuu inaiondoa mwilini haraka, ukajikuta umeachishwa bila kupanga. Fluconazole inafanya kinyume, inaifanya ikae na kujaa.

Usingizi utakusumbua, hasa tukiingia Juni na Julai, usiku wa Uyole unavyokuwa mrefu na baridi inavyouma. Chai na kahawa iwe mwisho saa sita mchana. Lala na kuamka saa zilezile hata siku usiyo na mzigo. Ukikaa kitandani muda mrefu bila kusinzia, ondoka, jifunike blanketi, fanya kitu cha polepole, urudi usingizi ukikuita. Lakini nakusihi, usiingize jiko la mkaa chumbani kutafuta joto. Moshi wake usioonekana unaua familia nzima, na mtu aliyemeza Valium haamki kufungua dirisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, ila naona ndilo lililobeba barua yako yote. Mazishi ya mumeo huyakumbuki.

Hilo nalo ni kazi ya dawa. Diazepam inauzuia ubongo kuweka kumbukumbu za yanayotokea ukiwa chini yake, na ndiyo maana hospitalini hupewa wagonjwa kabla ya vipimo vya kutisha. Kwa hiyo ulikuwepo, ulisimama, labda hata ulitupa udongo, lakini hakuna kilichoandikwa. Watu walianua matanga, wakarudi makwao, wakahesabu umeshaomboleza. Wewe hukuomboleza. Msiba wako ulisimamishwa njiani, na kila usiku kwa miaka minne umekuwa ukiuongezea siku.

Nakwambia hili kwa sababu utakapoanza kupunguza, utauona ukija. Utakuwa unapima viazi, ghafla koo litakaba. Utamwota. Utalia kwa jambo ambalo kila mtu anadhani limepita. Wengi hapo hushtuka, wakasema "ugonjwa umerudi", wakakimbilia kidonge. Lakini kulia kwa ajili ya mume si ugonjwa, na hakuna dozi yake. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2013 lilisema waziwazi kwamba dawa za jamii hii zisitolewe kwa mtu aliyefiwa kwa ajili ya kutuliza huzuni ya kufiwa, maana hazimsaidii kuivuka. Natamani tangazo hilo lingesomwa kwenye kila msiba hapa kwetu. Tunaogopa sana kilio cha mjane. Tunataka anyamaze, alale, asituumize. Enyi mashangazi na mama wadogo mnaosoma hapa, asiyelala msibani mkalieni karibu, mpeni uji, mshikeni mkono. Vidonge vyenu vya presha na vya usingizi viacheni kwenye mikoba yenu.

Wewe nakuomba ufanye hivi. Mtafute mtu aliyekuwepo siku ya mazishi na unayemwamini, labda wifi yako, au huyohuyo shangazi aliyekupa dawa, maana hakujua na atafurahi kukusaidia. Mwambie, "Nisimulie mazishi ya mume wangu. Mimi sikuyaona." Akusimulie yote: nani aliongoza ibada, walikuvisha nini, watoto walisimama wapi, ulisema nini. Kama kuna picha kwenye simu za watu, ziombe. Kisha nendeni kaburini, mchana, pamoja na watoto. Usifanye haya wiki unayoshuka hatua. Subiri mwili uwe umetulia kwenye dozi. Pale kliniki uliza pia kama kuna mtu wa ushauri nasaha wa kukaa naye mara kwa mara. Kama daktari ataona una sonona iliyojificha chini ya haya yote, zipo dawa za kuitibu zisizo za jamii hii, kama fluoxetine, na usizikatae kwa kuogopa kila kidonge.

Kanisa usiliache. Maombi yatakubeba kwenye zile wiki mbaya kuliko ninavyoweza mimi. Ila chagua mama mmoja wa kanisa mwenye kifua, au mchungaji wako mwenyewe ambaye si yule mgeni, umweleze ukweli wote: kwamba unaacha kwa hatua chini ya daktari, na kwamba unahitaji waombe bila kukuambia utupe. Ushuhuda uliotoa huna haja ya kwenda kuufuta mbele za watu. Ulisema ulichokihisi siku ile.

Shemeji naye usigombane naye. Mwambie daktari amepata sababu ya kule kuanguka, na unaifuata. Akisisitiza mganga, mwambie hutameza kitu kingine chochote cha kuchanganya na dawa za hospitali, iwe mizizi au unga. Na kama kweli kuna maneno juu ya shamba la marehemu, hilo lina ofisi zake. Peleka karatasi zako kwa mtendaji wa mtaa mapema, kichwa kikiwa safi.

Nimalizie na mwanao. Kijana wa kidato cha tatu aliyekukuta umekakamaa sakafuni hajalala vizuri tangu siku ile, niamini. Anakuangalia kwa sababu anangoja uanguke tena, au anadhani unataka kujiua. Mwite kabla hata hujaenda hospitali. Mwambie: "Baba alipofariki nilipewa dawa za kulala, mwili ukazizoea. Nilipoacha ghafla ndipo nikaanguka. Sasa ninaacha polepole, daktari anajua." Usimwombe akufichie siri, na usimtume tena dukani. Umpe kazi moja inayomfaa: ajue la kufanya ukianguka. Asogeze vitu vigumu, akuweke kitu laini chini ya kichwa, akulaze ubavu, atazame saa. Asikutie kijiko wala kidole mdomoni, asikumwagie maji, asikushikilie kwa nguvu. Mshtuko ukizidi dakika tano, au ukirudia kabla hujazinduka, atafute gari mpaka hospitali bila kungoja mtu mzima amruhusu. Mwandikie hayo kwenye karatasi, na namba ya bodaboda mnayemwamini iwe juu kabisa.

Ukishamwona daktari niandikie amekupangia kuanzia wapi.